Mpigapicha Aliyetuita kwa Kasoro Zetu

Mpigapicha hakuwahi kumwambia mtu atabasamu. Wenzake mjini Bukoba walikuwa wakisema, "Kidogo tu, mama, cheka," na kuwarushia watoto mwanasesere ili wachangamke. Yeye alikukalisha kwenye kigoda, akawasha taa zake mbili, akakutazama kimya mpaka ukaanza kujiona kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Kisha alisema, "Sura ameleta Mungu. Mimi nimeleta taa tu." Ndipo alipobonyeza.

Nilifanya kazi naye kwa miaka, katika studio yake nyuma ya soko, nikishuka kutoka Nyanga kila asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kompyuta: kuhamisha picha kutoka kwenye kamera, kuzisafisha, kuzichapa, kutengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi. Nilikuwa nimesomea hayo chuoni mwaka mmoja, naye hakuchoka kunikumbusha kwamba mwaka mmoja unatosha kunenepesha mbuzi, hautoshi kumsomesha mtu.

Watu walimwita mkali, lakini mtu mkali hupaza sauti. Yeye alizungumza kama mzee wa kanisa anayesoma matangazo. Bibi harusi mmoja alilalamika kwamba pua yake imetoka kubwa kwenye picha. Akamjibu, "Haikutoka kwenye kamera, mwanangu. Umekuja nayo." Baba mmoja alipoleta mke wa pili, binti mdogo, Mpigapicha alimuuliza mbele ya watu kama mjukuu akae mbele au asimame nyuma. Wateja walitoka pale wameumia, na mwezi uliofuata walirudi, kwa kuwa toka Mutukula hadi Muleba hapakuwa na mtu aliyejua kupiga picha kama yeye. Ngozi nyeusi iling'aa kama kahawa iliyoiva, na macho yalikuwa hai.

Kwa marehemu alikuwa mtu mwingine. Nilimwona akikaa alasiri nzima kunyoosha kola ya mkulima mmoja aliyekufa, pichani kwenye kompyuta, nukta kwa nukta, huku ndugu wakisubiri kwenye benchi. Nilipomwambia kwamba watu wanachelewa kaburini, alisema, "Huyu hawezi tena kujinyoosha kola mwenyewe." Jumapili alikuwa akiimba besi katika kwaya ya Walutheri akiwa amefumba macho, na mara nyingi nilimwona akilia kwenye ubeti wa mwisho.

Alikuwa na binti mmoja, ameolewa Kagoma. Binti huyo alikuja mjini siku za gulio, akamletea baba yake ndizi na maharage kwenye hotpoti. Siku moja aliniambia kwamba baba yake alimpiga picha rasmi mara moja tu, siku ya kipaimara. Alipomaliza akamwambia, "Masikio umechukua kwa upande wa mama yako. Pole." Toka siku hiyo hakutoka nje bila kitambaa kichwani.

Sasa niseme habari ya majina, maana ndiyo iliyomwangusha.

Mpigapicha hakuwa akiwauliza wateja majina. "Majina ya watu yanafanana," alisema. "Sura hazifanani." Kila picha aliihifadhi kwenye kompyuta kwa jina la mahali mtu alikotoka na kitu alichokiona usoni au mwilini mwake. Kitu hicho siku zote kilikuwa kasoro. Muleba, chongo. Nyanga, shingo ya kobe. Wateja hawakuyaona majina hayo. Tulikuwa na skrini ya pili iliyoelekea benchi lao, na tuliiwasha tu picha yenyewe ikishafunguka. Mtu alikuja baada ya miaka mitano akasema, "Mzee, nilipiga hapa na mke wangu, sasa ametutoka." Mpigapicha alimtazama, akafumba macho kidogo, akaenda moja kwa moja kwenye folda. Hakuhitaji msaada wa kutafuta. "Kompyuta ni debe," aliniambia. "Anayekumbuka ni mimi."

Hapo ndipo sukari ikampanda, akalazwa, nikabaki peke yangu na lile debe.

Siku ya pili tu alikuja mama mmoja kutoka Muleba, khanga kiunoni, viatu vimejaa tope. Mwanawe alikuwa amekufa kwa pikipiki, mazishi ni alasiri ileile. Picha pekee aliyowahi kupiga kijana huyo akiwa mtu mzima ilikuwa kwetu.

"Aitwa nani?" nilimuuliza, halafu nikakumbuka kwamba jina halitanisaidia.

Niliandika Muleba kwenye kile kitafutio kilichokuja na kompyuta yenyewe. Ule mstari wa kijani ukaanza kutambaa juu ya dirisha. Picha zilikuwa zimejaa diski tano. Mstari ulifika katikati ukasimama, ukaendelea, ukasimama tena. Yule mama alikuwa akitazama saa ya ukutani, halafu ananitazama mimi, halafu saa.

"Waitu," alinisihi kwa Kihaya, "haipo?"

"Ipo, mama. Inatafutwa."

"Inatafutwa na nani?"

Nilifungua folda kwa mkono, moja baada ya nyingine, sura za watu wa Muleba zikipita kwa mamia. Ilipofika saa nane akasimama. Alisema hawezi kukosa kumwona mwanawe akishuka ardhini kwa ajili ya picha yake. Alikwenda mikono mitupu, na msalaba ulisimikwa bila sura.

Nilianza kutafuta namna ya kutafuta. Niliunganisha kompyuta na intaneti ya simu yangu, mteja akiondoka narudi kwenye kiti. Programu ya kwanza niliyoipata ilitaka kwanza isome kila kitu kilichomo ndani ya kila faili. Ilisoma kutwa, mashine ikawa nzito kama gari lililozama kwenye matope, na nilipobonyeza chochote haikujibu. Nikaifuta. Ya pili ilikuwa na kasi, lakini haikuwa na vitufe wala madirisha. Ilikuwa skrini nyeusi unayoiandikia amri kwa herufi na alama, na ukikosea nukta moja inakukemea kwa Kiingereza. Ningeweza kuikariri, ila nilimfikiria mtu mwingine akikaa pale na mfiwa mbele yake. Ya tatu ilikuja na matangazo ya kamari. Nayo niliifuta.

Mwishowe niliuliza kwenye jukwaa moja la watu wa kompyuta. Niliandika kwamba nataka kitu chepesi, chenye dirisha na mausi, mtu yeyote aweze kukitumia, na kisichomsubirisha mtu aliyefiwa. Wengi walibishana wao kwa wao. Mmoja nisiyemjua, hata kama ni mwanamume au mwanamke sijui, aliandika mstari mmoja tu: chukua hii, ni ndogo, haisomi yaliyomo, inasoma majina peke yake, ndiyo maana ina haraka.

Ilishuka kwa muda mfupi kuliko wimbo mmoja. Lilifunguka dirisha jeupe lisilo na mapambo, kisanduku kimoja juu, chini yake majina ya mafaili yote tuliyokuwa nayo. Niliandika m, yakapungua. Nikaandika mu. Kabla sijamaliza neno Muleba, watu wote wa Muleba walikuwa wamejipanga mbele yangu, kutoka diski zote tano. Nikafuta, nikaandika Kagoma, wakatokea wa Kagoma. Kila herufi niliyoigusa, orodha ilijibu papo hapo. Nilicheka kwa sauti peke yangu mle ndani.

Niliwapitia wa Muleba mmoja mmoja mpaka nikamtambua yule kijana, macho ni ya mama yake kabisa. Alikuwa ameandikwa, Muleba, kidevu hakuna. Nilimchapa kwa ukubwa, nikampigia simu mama yake kwa namba aliyoniachia. Akasema, "Asante, mwanangu. Sasa nitaiweka wapi?"

Kisha nikaandika Nyanga. Siku Mpigapicha aliponiajiri alinipiga picha ndogo ya kitambulisho, na nilitaka kuiona. Niliikuta. Jina lake lilikuwa, Nyanga, huyu hafiki popote.

Blauzi niliyoivaa pichani nilikuwa nimeipiga pasi asubuhi yote. Kisha akaingia mteja, nikalifunga dirisha. Mpigapicha alipotoka hospitali sikumwambia neno. Nilihitaji kazi, na kusema kweli nilitaka pia kuona kama yeye atasema. Hakusema.

Alirudi amekonda, macho yameanza kufanya ukungu. Nilimwonyesha programu. Aliitazama kwa chuki, uso karibu na kioo.

"Kwa hiyo sasa mimi sihitajiki."

"Unahitajika, mzee. Ni ya kusaidia tu."

Alinyoosha kidole kimoja akaandika, chongo. Wakashuka wote wenye chongo aliowahi kuwapiga. Akacheka. Miaka yote ile sikuwahi kuona meno yake. Akaandika kibiongo. Akaandika mlevi, akaandika mjane. Alasiri ile hakutoka kwenye kiti. Aliendelea hivyo kama mtu aliyewekewa bakuli la senene wa kukaanga, anachota bila kuinua kichwa, akinisimulia kila mmoja: huyu alikuja na suti ya kuazima, huyu alimpiga mkewe hapo mlangoni halafu akaingia wakashikana mikono wapigwe picha. Alikumbuka vyote. Alisema, "Zamani nilikuwa nawakumbuka mmoja mmoja. Sasa nawaona wote pamoja."

Mwalimu wa Rubafu alikuja msimu wa mvua. Alikuwa mwanamke wa makamo, anafundisha shule ya msingi huko, amevaa sweta juu ya gauni jeusi. Mama yake alikuwa amefariki. Alitaka picha ya siku ya jubilei ya usharika wao, walipokuja studio mama, mwalimu mwenyewe na mumewe. Mimi nilikuwa chumba cha kuchapia. Mpigapicha alikuwa kwenye kompyuta. Skrini ya wateja ilikuwa bado inawaka, kwa kuwa mteja aliyetangulia alikuwa anachagua picha za harusi, na macho ya Mpigapicha hayakuliona hilo. Akaandika Rubafu.

Nilitoka na karatasi mkononi nikamkuta mwalimu amesimama mbele ya skrini, midomo inacheza.

"Rubafu, mlevi wa madhabahuni," alisoma. "Huyu ni mzee wetu wa usharika. Rubafu, kichwa cha papai. Rubafu, mchawi meno mawili." Kisha akauliza kwa adabu kabisa, "Mzee, huyu mchawi ni nani?"

Kitufe cha kuizima skrini kilikuwa karibu na mkono wa Mpigapicha. Hakukigusa.

"Ndiye mama yako," alisema.

"Mama yangu."

"Alikuwa na meno mawili. Sijadanganya."

"Na uchawi?"

"Alinitazama vibaya."

Nilimshika mwalimu kiwiko. "Mama, twende nje kidogo upate hewa."

"Niache, mwanangu." Hakuwa ameondoa macho kwenye skrini. "Siku ile tulipiga na mimi na mume wangu. Sisi umetuitaje?"

"Mzee," nilisema, "tafadhali."

Ningeapa kwamba angemdanganya. Mtu yeyote angedanganya. Angesema haipo, imepotea, mashine imekwama. Yeye aliweka kidole kwenye kibodi, akaongeza herufi tatu tu, orodha ikajikunja mpaka likabaki jina moja. Rubafu, tasa na mume.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mwalimu alisoma, nikaona amesoma, na bado akaendelea kutazama kama vile neno lingeweza kubadilika.

"Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuona ulivyokuwa unatazama watoto wa wenzio wakipigwa picha."

Mwalimu aliketi kwenye benchi. Hakulia. Akasema, "Nichapieni mama yangu. Watu wananisubiri."

Mpigapicha aliifanya ile picha mwenyewe. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo, akampunguzia bibi yule mng'ao wa jasho, akamwinulia kidogo kivuli cha shavuni, akamfunga kifungo cha gauni kilichokuwa kimefunguka. Ilipotoka, sikuwa nimeona mwanamke mzee mzuri kuliko huyo. Alimpa mwalimu kwa mikono miwili. Mwalimu aliipokea, akaifunika kwa sweta isilowe, akafika mlangoni ndipo akageuka.

"Nitawaambia," alisema. "Rubafu yote. Waje waulize majina yao."

Walikuja. Walikuja wa Rubafu, kisha wa mjini, kisha hata wa Muleba kwa basi. Lakini sikutegemea nilichokiona. Wachache tu walitaka majina yao. Wengi walitaka ya jirani, ya shemeji, ya mke mwenza. Walijaa kwenye benchi kama wanaotazama mpira, wakasema, "Tuandikie Nyanga, mzee," naye akaandika. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Halafu jina la mmoja wao lilitokea, na huyo akaacha kucheka, na wenzake wakazidi. Mwanamume mmoja aliyekuwa amemcheka kaka yake hadi machozi alilikuta la kwake, akaipiga skrini ngumi.

Majina yakatoka nje na watu wake. Mzee wa usharika hakuweza tena kushika kikombe cha meza ya Bwana bila vijana kukohoa. Msichana mmoja wa Nyanga, jirani yetu, alikuwa na makovu ya tetekuwanga, na Mpigapicha alikuwa amemwandika ngozi ya chatu. Aliacha kwaya, akaacha kwenda sokoni, na mama yake akawa anasema yuko kwa shangazi, ilhali sote tulimwona akipita nyuma ya migomba.

Nilimsihi Mpigapicha. "Acha nibadilishe yote, mzee. Nitaweka majina yao ya kweli."

"Jina la kweli lipi?"

"Walilopewa na wazazi wao."

"Walipewa kabla hawajaonekana," alisema.

Harusi zilikoma. Kwaya ilimwomba apumzike, akawa anaimba kutoka benchi la mwisho, akiwa amefumba macho vilevile. Hakuomba radhi kwa mtu yeyote, na sidhani kama alijua ni kosa gani angeomba. Kisha macho yakapofuka kabisa, binti yake akaja kumchukua, na studio ikawa duka la viatu. Mimi aliniachia diski zote. Nilizipeleka Muleba, nikafungua chumba changu cha picha, nikawapigia watu simu mpaka nikajua nani ni nani, na nikampa kila mtu jina lake. Sasa mfiwa akija, ninaandika jina, na kabla hajakaa vizuri marehemu wake yuko mbele yake.

Mwaka huu binti yake alinipigia. Baba anakuulizia, alisema, siku ya tatu sasa.

Nilikwenda Kagoma nikamkuta amekaa kwenye mkeka barazani, amevaa koti, uso umeelekezwa upande wa kibanja cha migomba kana kwamba anakitazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umenenepa. Unapumua kama mtu aliyepanda mlima." Akapapasa mkeka kando yake. "Kaa. Mtoto yuko wapi?"

Binti yake alimleta mtoto, msichana wa mwaka na kitu, aliyezaliwa babu yake akiwa ameshapofuka. Alimkalisha mbele yake.

"Watu wote wa nyumba hii wananiambia ni mzuri," Mpigapicha alisema. "Mchungaji ameniambia. Majirani wananiambia. Mtu kipofu hudanganywa na kila mtu. Wewe nilikufundisha kutazama. Niambie nilichonacho hapa."

Nilimtazama mtoto. Nimepiga watoto wengi, na ni kazi, unawazoea. Huyu nilipomtazama nilisahau kilichonileta.

"Macho?" aliuliza.

"Makubwa. Meusi sana. Yana kope kama za kuchorwa."

"Pua?"

"Ndogo, imenyooka."

"Masikio?"

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni. "Mazuri," nilisema.

"Haya. Sasa niambie kasoro."

"Hana, mzee."

"Kila sura inayo. Isome tu, sitaumia."

Nilimgeuza mtoto kwenye mwanga, nikatazama kweli, kama alivyonifundisha, ngozi, meno, mstari wa nywele. Mtoto alidhani tunacheza, akacheka. "Mzee, nakuapia kwa Mungu. Ni mzuri. Sijawahi kupiga picha ya mtoto mzuri kama huyu."

Alisubiri. Alidhani kuna neno linakuja. Liliposhindwa kuja, uso wake ulilegea, akageukia mlangoni.

"Na huyu mmempanga," alimwambia binti yake. "Mtoeni huyo mtoto. Sijui hata ni wa nani."

"Baba!"

Mtoto alikuwa ameshatambaa hadi kwenye goti lake na kulishika. Alimwondoa. Mtoto akarudi akicheka. Alimwondoa tena, taratibu, bila hasira, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mkeka wa kahawa. Kisha akajifunika koti akageukia ukutani.

Binti yake alinisindikiza hadi barabarani akiwa amembeba mtoto. Nikasimamisha pikipiki.

"Ungemtafutia hata kasoro moja, dada," alisema. "Ndogo tu. Angempakata."